Mgonjwa wa hatari mikononi mwa mtaalamu mchanga: uchambuzi wa kisa cha Norwich, 2012

Tarehe 7 Desemba 2012, mfanyakazi wa usafi katika mabweni ya Chuo Kikuu cha East Anglia, mjini Norwich, Uingereza, alimkuta Averil Hart ameanguka chumbani kwake. Alikuwa na miaka 19, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na alikuwa akiugua anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa kuogopa kunenepa. Siku nane baadaye alifariki hospitalini Cambridge. Mwaka 2017 ofisi inayochunguza malalamiko ya wananchi kuhusu huduma za afya nchini humo ilitoa ripoti iliyosema kifo kile kingeweza kuepukika, na kwamba kila taasisi ya afya iliyompokea binti huyu ilimwangusha kwa namna yake. Novemba 2020 afisa mchunguzi wa vifo, Sean Horstead, alifikia uamuzi huohuo akaongeza jambo zito: uzembe ulichangia.

Kisa hiki kimejadiliwa sana kwa upande wa madaktari. Mimi nakitazama kwa upande wa mafunzo ya wanasaikolojia na washauri nasaha, kwa sababu ya jambo moja lililojitokeza kwenye uchunguzi. Mratibu wa matunzo ya Averil, yaani mtu aliyekuwa akikaa naye kwa tiba ya mazungumzo, alikuwa mwanasaikolojia wa hatua za mwanzo kabisa za kazi, asiye na uzoefu wa kutibu anoreksia. Wengi wakifika hapo hufunga faili: mkosaji kapatikana. Kwangu hapo ndipo maswali yanapoanza. Nani alimpa kazi ile? Alikuwa amefundishwa nini kabla ya kupewa? Na kila wiki alipotoka chumba cha mazungumzo, nani alimuuliza habari za mgonjwa wake?

Yaliyotokea

Averil aliugua akiwa bado shuleni. Kuanzia mwaka 2011 alilazwa karibu mwaka mzima katika kitengo maalumu cha matatizo ya ulaji mjini Cambridge, akaruhusiwa Agosti 2012. Uzito ulikuwa umepanda, ila bado ulikuwa chini. (Sitaandika kilo zake hapa wala mbele. Mtu anayeugua ugonjwa huu akikutana na namba ya mwenzake huifanya shabaha, na sijui nani anasoma.) Wiki chache baadaye alihamia Norwich kuanza chuo, mbali na nyumbani na mbali na wataalamu waliomjua. Mpango ukawa kwamba kituo cha afya cha chuo kimfuatilie kimwili na kumpima uzito kila wiki, huduma ya matatizo ya ulaji ya Norfolk (mkoa ulimo mji wa Norwich) impe tiba ya mazungumzo, na pande hizo mbili zipeane taarifa.

Ukiusoma mpango huo kwenye karatasi huoni tatizo. Katika utekelezaji, ufuatiliaji wa kila wiki haukufanyika ilivyokusudiwa, uzito ukawa unashuka, na vikao vya mazungumzo vikaendelea kama kawaida. Mwishoni mwa Novemba baba yake alikwenda kumtembelea, akashtushwa na hali aliyomkuta nayo, na familia ikaitahadharisha huduma ile. Hakuna aliyelichukulia jambo hilo kuwa la dharura. Uchunguzi wa kitabibu ukapangiwa siku za mbele. Kabla haujafanyika, binti akaanguka.

Alifikishwa hospitali ya Norwich siku ya Ijumaa. Mwisho wa juma ukapita bila msaada wa kutosha wa lishe wala wa afya ya akili. Alipohamishiwa Cambridge tarehe 11, sukari ya damu ilishuka mno usiku na hatua zikachelewa. Sehemu hiyo ina mafunzo yake kwa madaktari na wauguzi, mimi nairuka.

Mtaalamu mchanga anajua nini

Tumweke akilini mwanasaikolojia yeyote aliyemaliza masomo vizuri. Kafundishwa kusikiliza bila kuhukumu. Kafundishwa kwamba mteja ndiye anayeyajua maisha yake, kwamba aende kwa mwendo wa mteja, kwamba uhusiano kati yao ndio nusu ya tiba, na kwamba siri ni siri. Yote hayo ni mema, na kwa mtu mwenye huzuni au aliyefiwa yanatosha kuanzia. Ila mwenye huzuni anakuja akitaka huzuni imtoke. Mwenye anoreksia anakuja huku sehemu ya nafsi yake ikiulinda ugonjwa usiguswe. Anakwambia yuko salama, na hakudanganyi kwa jinsi tulivyozoea kuelewa uongo, kwani anajiona salama kweli. Anaongea vizuri, anakabidhi kazi zake kwa wakati, anakuuliza wewe hali yako. Mtaalamu mchanga anatoka kikaoni ameridhika kwamba uhusiano umejengeka.

Ndiyo maana somo la kwanza kwa anayejifunza kazi hii linapaswa kuwa njaa, kabla ya nadharia yoyote ya sura ya mwili, mitandao ya kijamii au utoto. Mwaka 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya njema. Walikuwa watu waliokataa kubeba silaha kwa sababu za dhamiri, wakajitolea kwa utafiti ili kusaidia kujua namna ya kuwalisha watu walioachwa na njaa na vita vya Ulaya. Kwa takriban miezi sita walikula pungufu, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Wakawa wanalamba sahani, wanachezea chakula na kukaa nacho muda mrefu, wanawaza kula kutwa. Waliokuwa wachangamfu wakajitenga. Walihisi baridi wakati wa kiangazi, na mapigo ya moyo yakapungua. Hakuna kati yao aliyeingia akiwa anaogopa kunenepa.

Mwanafunzi akilielewa hilo, anamtazama mteja wake kwa namna nyingine. Mengi anayoyaona pale kwenye kiti, ung'ang'anizi wa ratiba, kukata chakula vipande vidogo, hasira za ghafla, kujitenga na marafiki, yanaweza kuwa njaa inaongea. Ubongo wenye njaa hauchimbi maana ya maisha. Anayelijua hilo hatumii miezi mitatu kutafuta chanzo cha tatizo kwa mama wa mteja huku mteja akizidi kuisha. Anajua kwamba chakula ndiyo dawa ya kwanza na mazungumzo yanafanya kazi ya kusaidia chakula kiliwe.

Mizani

Kwenye mafunzo ya kazi hii hakuna kinachozua mabishano kama mizani, kwa hiyo nitakaa hapo.

Tiba iliyotengenezwa Oxford na Christopher Fairburn na wenzake, tawi la tiba ya utambuzi na tabia (inayofanyia kazi mawazo na matendo ya mteja) lililolenga matatizo ya ulaji, inamtaka mtaalamu ampime mteja mwenyewe, mara moja kwa wiki, ndani ya kikao. Kwa asiye na upungufu mkubwa wa uzito tiba hiyo ina vikao 20 hivi, na kwa mwenye upungufu inakaribia 40, kwa hiyo mizani inakuwa mgeni wa kila wiki kwa muda mrefu. Utaratibu wenyewe unaonekana mdogo. Mteja anapanda, wote wawili wanaitazama namba, inawekwa kwenye grafu. Kisha wanaisoma pamoja na za wiki zilizopita, kwa sababu namba ya siku moja inaweza kusogezwa na maji, chumvi, choo au hedhi. Mwelekeo huanza kuaminika kwa vipimo vya wiki nne hivi. Mtaalamu hodari huuliza kabla mteja hajapanda: unadhani itasomaje leo? Mteja aliyekula chapati moja jana usiku anaweza kuapa kwamba uzito wake umepanda sana. Anapanda, anaona, na wiki baada ya wiki imani ile inakutana na ushahidi. Hiyo ni tiba tayari, na imechukua dakika tano.

Mpango wa Norwich uliiweka mizani nyumba moja na mazungumzo nyumba nyingine. Mizani ilipolegea upande wa kwanza, upande wa pili haukuwa na namba ya kuushtua. Mtaalamu alibaki na maneno ya mteja, na nimeshasema maneno ya mteja katika ugonjwa huu yakoje.

Usidhani hili ni la wachanga tu. Glenn Waller wa Chuo Kikuu cha Sheffield ameandika kwa miaka mingi kuhusu wataalamu wanaoijua tiba vizuri lakini wanateleza taratibu na kuacha sehemu zake ngumu. Kupima uzito ni miongoni mwa vinavyoachwa mapema. Sababu wanayoitoa ni huruma kwa mteja. Mara nyingi inayofanya kazi ni hofu ya mtaalamu mwenyewe: mteja atakereka, atalia, hatarudi.

Zoezi la kuigiza darasani linalionyesha hili haraka kuliko mhadhara. Mmoja anacheza mteja, mwingine mtaalamu.

"Dada, leo tuache mizani. Nimetoka kwenye mtihani, usiku sijalala kabisa. Wiki ijayo nakuahidi."

"Jamani, pole sana. Basi tuanze na huo mtihani, ulikuwaje?"

Darasa linatikisa kichwa kwa kukubali. Jibu lina upole na lina usikivu, mwalimu wa kozi ya kawaida angelipa alama nzuri. Halafu anayecheza mteja anaulizwa amejisikiaje, naye husema amepata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo ya kuchunguzwa. Ugonjwa umepata wiki moja bila kutazamwa, na mteja amejua kwamba dada huyu anasogezeka. Wakirudia, jibu huja hivi: "Pole na mtihani, naona umechoka kweli. Tupime kwanza, kisha muda wote unaobaki tutauongelea mtihani. Unadhani leo itasomaje?" Upole uko palepale. Kinachotofautiana ni kwamba mtaalamu hajaondoka kwenye nafasi yake.

Kuna hila za mizani ambazo wanaofundishwa lazima wazijue. Hizo hufundishwa ana kwa ana, sitaziorodhesha hapa.

Mwili ukianza kushindwa

Mwanasaikolojia hahitaji kujua kusoma kipimo cha umeme wa moyo. Anahitaji kujua lini aache mazungumzo na kumpeleka mteja hospitali. Mwongozo uliotolewa mwaka 2022 na chuo cha kitaaluma cha madaktari wa akili cha Uingereza unataja dalili ambazo hata asiye daktari anaweza kuzifuatilia: kupungua uzito kwa kasi, kuzimia, mapigo ya moyo chini ya 40 kwa dakika, joto la mwili kushuka, kukataa kula au kunywa kabisa. Una pia jaribio la misuli lisilohitaji mashine. Mteja analala chali sakafuni na kuinuka kukaa bila kutumia mikono. Kisha anachuchumaa na kusimama, bila mikono vilevile. Akishindwa, au akilazimika kujishika ili ainuke, hilo ni jambo la siku hiyohiyo.

Mwongozo huo unaonya pia juu ya mtego mmoja: majibu ya damu yanaweza kutoka mazuri kwa mtu aliye hatarini. Mtaalamu mchanga akiambiwa "vipimo viko sawa" hupumua na kurudi kwenye mazungumzo. Inafaa ajue kwamba potasiamu na sukari zinaweza kusoma sawa asubuhi na kushuka baadaye. Na kumlisha kwa pupa mtu aliyekaa na njaa muda mrefu nako kuna hatari yake, kwani fosfeti, madini yaliyomo kwenye damu, huweza kuporomoka na moyo ukavurugika. Kwa hiyo ushauri wa "mpelekeni nyumbani mkamshindilie ugali" asiutoe yeye.

Tahadhari ya familia

Narudi mwishoni mwa Novemba. Baba kamwona mwanawe, familia imetoa taarifa. Katika mafunzo ya jumla mtaalamu anaambiwa kwamba mtu mzima ana haki ya siri, na Averil alikuwa mtu mzima kisheria. Wengi huchanganya haki hiyo na kuziba masikio. Kusikiliza anachokisema mzazi hakuvunji siri ya yeyote. Unaweza kumwambia: "Mzee, siwezi kukueleza tunayozungumza, lakini nieleze wewe umeona nini," kisha ukaandika kila neno na kulifanyia kazi siku hiyo. Macho ya mzazi aliyekaa wiki kadhaa bila kumwona mtoto ni kipimo, tena cha bure. Anayemwona kila wiki huzoea.

London kwenyewe, kwenye hospitali ya Maudsley, tangu miaka ya 1980 wataalamu kama Christopher Dare na Ivan Eisler walikuwa wamejenga tiba inayowaweka wazazi mbele kabisa: wao ndio wanaosimamia milo ya kijana nyumbani mpaka apate nguvu, mtaalamu akiwaunga mkono. Ilitengenezwa kwa vijana wadogo, na siwezi kudai kwamba ingefaa moja kwa moja kwa binti wa miaka 19 anayeishi bwenini. Lakini mtaalamu aliyefundishwa hata misingi yake asingemwona baba kama msumbufu wa nje.

Msimamizi alikuwa akiuliza nini?

Hapa ndipo lawama yangu inapoangukia. Kumpa mwanafunzi au mhitimu mpya mgonjwa mgumu ndivyo watu wanavyojifunza kila mahali, hata upasuaji hufundishwa hivyo. Ila mkono wa anayejifunza upasuaji hauachwi peke yake. Katika tiba ya mazungumzo usimamizi mara nyingi ni saa moja mtaalamu akisimulia na msimamizi akisikiliza simulizi. Simulizi inatoka kwa mtu yuleyule asiyejua cha kutazama. Ikiwa mchanga hajui kwamba kukosekana kwa namba za wiki mbili ni hatari, hatalitaja, na msimamizi asipouliza halitatajwa kamwe.

Kwa wateja wa aina hii mpangilio wa kikao cha usimamizi unapaswa kugeuzwa. Kwanza grafu ya uzito mezani, hata kabla ya salamu kuisha. Kisha mapigo ya moyo, vipimo vya damu vya karibuni na tarehe zake. Kisha nani amepiga simu. Baada ya hapo ndipo tuzungumze mteja alisema nini na wewe ulijisikiaje. Grafu isipokuwepo, hiyo ndiyo ajenda, hakuna nyingine. Msimamizi naye awe mtu aliyewahi kutibu ugonjwa huu kwa mikono yake. Cheo kikubwa bila uzoefu huo hakimsaidii anayejifunza.

Baada ya ripoti ya 2017 kulikuwa na mwamko. Baraza linalosimamia madaktari Uingereza lilitakiwa kupitia upya mafunzo ya madaktari wachanga, na mwaka 2018 Agnes Ayton na Ali Ibrahim walionyesha kwamba kwa wastani mwanafunzi wa udaktari nchini humo alipata chini ya saa mbili za somo la matatizo ya ulaji katika miaka yake yote ya shahada ya kwanza. Kwa watoto na vijana wadogo serikali ilikuwa imeshaweka kiwango tangu 2015: wa dharura aanze tiba ndani ya wiki moja, wengine ndani ya wiki nne. Aliyevuka kwenda huduma za watu wazima hakuwa na ahadi kama hiyo. Na Horstead hakuchunguza kifo kimoja tu. Alichunguza vya wanawake watano wenye matatizo ya ulaji katika eneo hilo, waliofariki kati ya 2012 na 2018, na alipomaliza alitoa onyo kwamba ufuatiliaji wa kimwili wa wagonjwa wa aina hii haukuwa umekabidhiwa rasmi kwa yeyote, si kwa daktari wa familia wala kwa huduma maalumu. Zaidi ya miaka minane baada ya kifo cha Averil, shimo lilikuwa bado wazi.

Kwa mshauri aliye Dodoma au Kisumu

Huku kwetu binti akikonda, cha kwanza ni malaria, taifodi, kifua kikuu na VVU, na ni sahihi vipimwe. Visipoonekana, wengine watasema vidonda vya tumbo, wengine pepo, wengine ana mawazo. Akifika kwa mshauri nasaha, kwa kawaida kafika kwa sababu ya hilo la mwisho, na neno chakula halijatajwa. Kitengo maalumu cha kumpeleka hakipo karibu. Kwa hiyo mshauri wa kwetu anaweza kujikuta palepale alipokuwa yule wa Norfolk, bila hata jina la ugonjwa.

Ana faida moja lakini. Washauri wetu wengi wamepitia kazi ya VVU, wamezoea kwamba mazungumzo na maabara viko korido moja na kwamba huwezi kumshauri mtu bila kujua majibu yake. Mazoea hayo yahamishiwe hapa. Zahanati ina mizani. Muuguzi anajua kuhesabu mapigo ya moyo. Kinachohitajika kabla ya kikao cha pili ni karatasi moja, imesainiwa na mshauri, muuguzi na mteja mwenyewe, inayosema nani anapima, siku gani, namba inapelekwa kwa nani siku hiyohiyo, ikishuka kiasi gani mazungumzo yanasimama na mteja anakwenda hospitali, simu ya ndugu wa karibu inapokelewa na nani, na jina la mtu wa pili endapo wa kwanza yuko likizo.